Kwa nini sanamu za plasta za wanafunzi wangu hazishiki? Niko Bagamoyo, msaada wakuu

#1 MwalimuWaPwani
Salaam wakuu.

Nafundisha sanaa kidato cha pili, sekondari moja hapa Bagamoyo. Muhula huu nilitaka watoto watoke kwenye penseli na karatasi, wachonge. Mbao ngumu ni ghali na patasi ninazo tatu kwa watoto 46, kwa hiyo nikaamua plasta: unga mweupe wa dukani, unakoroga na maji, unamimina kwenye boksi la maziwa, ikiganda unachana boksi na kuchonga kwa kijiko na kisu cha jikoni. Kila kundi lilichagua umbo lake. Wengi walichonga ngalawa, wengine kipande cha mlango wa Mji Mkongwe, kundi moja kaburi la nguzo la Kaole, yale magofu ya kale jirani yetu.

Wiki ya tatu sasa. Vipande bado vina ubaridi, ukivishika ni kama vimetoka mtungini. Pembe zinamomonyoka kwa kidole. Tanga la ngalawa moja limeanguka lenyewe usiku, tumelikuta mezani. Na juu ya baadhi kumeota kitu cheupe kama manyoya, unakifuta, kesho kimerudi. Wakati huohuo ndoo ya kundi la nne iliganda kabla hawajaimimina, hata dakika tano hazikufika.

Unga ni wa mfuko mmoja. Ndoo moja inawahi kuganda, nyingine haiwi ngumu kabisa. Watoto wamevunjika moyo na nimeshawaahidi maonyesho kabla ya kufunga shule. Nini kinaendelea?

#2 Fundi Dari
Pole mwalimu. Kosa ni unga. Dukani kuna mifuko inayofanana: wa kupigia skimu (kulainisha ukuta kabla ya rangi) na wa kumiminia kornishi (urembo wa pembeni mwa dari). Wa skimu umechanganywa na unga wa mawe na gundi, umetengenezwa ukae laini ili fundi apate nafasi ya kuusawazisha na kuupiga msasa. Hauwezi kusimama wenyewe kama sanamu. Wa kornishi ni jasi iliyochomwa, na unapoganda unapata joto.

Swali moja tu: mlipomimina, boksi lilipata joto?

#3 Kaole Mpole
Mimi nauliza maji. Shule nyingi za huku zinatumia kisima. Kisima chenu kina chumvi?

#4 MwalimuWaPwani
Fundi, lilipata joto, watoto walishangaa sana. Wakawa wanaegemeza mashavu kwenye maboksi.
Kaole Mpole, ndiyo, kisima. Chai yake unaijua.

#5 Kaole Mpole
Basi kesi imekwisha. Chumvi.

#6 Kemia Kidato
Haijaisha. Tuende taratibu maana hapa kuna mambo mawili yamechanganywa tangu bandiko la kwanza: kuganda na kukauka.

Jasi ni mwamba wenye maji ndani yake. Ukiupasha moto nyuzi kama 150 za Selsiasi unapoteza robo tatu ya maji hayo, ndipo unapata huu unga. Ukiurudishia maji, fuwele ndogondogo kama sindano zinaota na kusokotana, na hapo joto linatoka. Huko ndiko kuganda. Kunachukua dakika 20 hadi 30, hakuhitaji jua wala upepo.

Sasa sikiliza. Kilo 100 za unga, ili zigande, zinahitaji lita 18 na kitu tu za maji. Lakini kwa lita 18 utapata donge, huwezi kumimina. Kwa hiyo tunaweka lita 65 au 70. Hayo yaliyozidi yanabaki yamejificha katikati ya fuwele na lazima yatoke polepole, ndiko kukauka. Plasta mbichi ina nguvu ndogo sana ukilinganisha na iliyokauka.

Mwalimu, mlipima maji au mlikadiria?

#7 MwalimuWaPwani
Tulikadiria. Kikombe cha maji, kikombe cha unga.

#8 Kemia Kidato
Kikombe kwa kikombe ni uji wa mgonjwa huo. Kwa uzito ni kilo moja na nusu ya unga hivi kwa lita moja ya maji. Kama huna mizani, weka maji kwanza, kisha nyunyiza unga kwa mkono taratibu mpaka visiwa vya unga vianze kubaki juu ya maji. Acha dakika mbili unywe. Ndipo ukoroge, polepole, bila kuingiza hewa. Usimwage maji juu ya unga, utapata madonge.

#9 Mama Ngalawa
Hiyo ya visiwa ndivyo tulivyofundishwa na mwalimu wetu miaka ya tisini. Alikuwa anasema "unga unyeshe kama manyunyu, usishuke kama masika." Sijasahau hadi leo na nina wajukuu.

#10 Nesi wa Zamu
Nimepita tu lakini siwezi kunyamaza. Mwalimu umesema watoto waliegemeza mashavu kwenye maboksi. Tafadhali sana.

Mwaka 2007 huko Lincolnshire, Uingereza, msichana wa miaka 16 aliingiza mikono yake kwenye ndoo ya plasta katika kipindi cha sanaa, akitaka kutoa umbo la mikono. Plasta ikaganda imembana, joto likapanda, hakuweza kuitoa. Alipoteza vidole vyake karibu vyote. Shule ilipelekwa mahakamani na kutozwa faini. Kikiwa kinene, hicho kitu kinaweza kufika nyuzi 60. Sisi tunapomfunga mtu P.O.P., ile plasta ya mifupa, tunatumia bandeji nyembamba, tena na pamba chini yake. Haifanani na kuzamisha mkono ndoo nzima.

Na vumbi lake ni baya kwa macho na kifua. Wafanyie nje, wavae barakoa, asiyekoroga akae upande upepo unakotoka.

#11 MwalimuWaPwani
Nesi, asante sana. Nilikuwa nimepanga mradi wa mikono mwezi ujao. Nimeufuta kwenye daftari sasa hivi, na kesho nawaeleza kwa nini.

#12 Mkonge Halisi
Nawasalimu kutoka Tanga. Mnahangaika na maji na unga, kwani hamna katani huko? Mafundi wa kornishi wote wanatia katani ndani ya plasta. Bila nyuzi, kitu chembamba kama tanga la ngalawa lazima kivunjike, hata ungechanganya kwa maji ya Zamzam. Chukua katani, ichambue, ikate urefu wa kidole, tandaza katikati ya kumimina. Watu wa Bagamoyo mmejaa mapambo, mifupa hamna.

#13 Fundi Dari
Mkonge kasema kweli kuhusu kornishi. Ila kuna tofauti: kornishi haichongwi ikishaganda. Mtoto akipitisha kisu kwenye katani, nyuzi zinavuta na kung'oa vipande. Kwa sanamu ya kuchonga, nyuzi ziwe kwenye kitako, zisiwe sehemu ya kisu. Au tia waya wa kufungia nondo ndani ya mlingoti, upake rangi kwanza usije ukatoa kutu na kuchafua weupe.

#14 Msafiri Kusi
Katani yenyewe waliileta Waingereza, tusiwapongeze sana watu wa Tanga.

#15 Mkonge Halisi
Wajerumani, kaka. Mwaka 1893, Richard Hindorf, miche asili yake Mexico, ikapitia Florida na Hamburg. Ilianza safari kama elfu moja, iliyofika hai Pangani ni 62. Mashamba yote ya mkonge niliyokulia yametokana na hiyo 62. Ukitaka kubishana na mtu wa Tanga chagua habari nyingine.

#16 Msafiri Kusi
Nimekubali. Turudi kwenye plasta kabla sijapigwa tena.

#17 Mzee wa Chokaa
Wanangu, unga wa dukani wa nini? Wazee wetu walijenga Kaole karne ya 13 kwa chokaa ya matumbawe, mihrabu ipo, nguzo za makaburi zipo, mvua ya miaka mia saba haikuzimaliza. Chokaa unaichoma kwenye tanuru la magogo, unaizima kwa maji, unailaza shimoni. Mfundishe mtoto hiyo, mwalimu. Ni yake.

#18 Kemia Kidato
Shikamoo mzee. Nakubali heshima ya chokaa kwa moyo wote, lakini ni kitu kingine kabisa. Chokaa inataka moto wa nyuzi kama 900, na haigandi kwa maji. Inakuwa ngumu kwa kunyonya hewa ukaa polepole, wiki, miezi. Kipindi cha darasa ni dakika 80. Halafu chokaa mbichi inaunguza macho na ngozi, siwezi kumpa mtoto wa miaka 15. Na matumbawe yaliyo hai leo tunayahitaji kwa samaki.

#19 Mzee wa Chokaa
Marahaba. Sikusema wachome matumbawe. Nimesema wajue. Wapelekwe Kaole wakaone ile kazi kwa macho, waguse, ndipo warudi kwenye huo unga wenu. Mtoto aliyechonga kaburi la nguzo, je, alikwenda kuliona au aliliona kwenye simu?

#20 MwalimuWaPwani
Shikamoo mzee. Aliliona kwenye kitabu. Hilo kosa ni langu. Kaole ni karibu kiasi cha kwenda kwa miguu.

#21 Mzazi wa Dunda
Mwalimu, naomba kuuliza bila ugomvi. Mwanangu anasoma sanaa shule nyingine, aliambiwa achonge kichwa cha mtu. Sisi nyumbani hatuchongi viumbe wenye roho. Alirudi analia kwa sababu hakutaka kumkatalia mwalimu wala kunikatalia mimi. Ninyi mnalifanyaje hilo?

#22 MwalimuWaPwani
Mzazi, sihesabu hilo kama ugomvi. Darasa langu zaidi ya nusu wako hivyo, ndiyo maana unaona ngalawa na milango. Simpi mtoto yeyote kichwa kwa lazima. Wanaotaka kufanya sura wanafanya, wengine wanafanya majani, nyota, mawimbi, alama zao zinatoka kwenye ufundi uleule. Mtoto wako asingelia kwangu.

#23 Mama Ngalawa
Na isichukuliwe kama ni kufidia. Nimeziona zidaka kwenye nyumba za kale Lamu, ukuta mzima wa vishubaka vimechongwa kwenye plasta ya chokaa, hakuna sura hata moja na huwezi kubandua macho. Masheikh wetu wanasema mti na kisicho na roho hakina shida. Kuna kazi ya maisha mazima humo.

#24 Mzazi wa Dunda
Mmenituliza. Nitamtumia mwalimu wake uzi huu. Asanteni.

#25 Nyuzi Hamsini
Nimesoma yote mpaka hapa na hakuna aliyeuliza: mwalimu, vipande mlivianika wapi?

#26 MwalimuWaPwani
Wiki ya kwanza ndani, kwenye kabati la vifaa. Tulipoona havikauki tukaviweka juu ya bati la banda, mchana kutwa. Jioni tunaviingiza kabatini.

#27 Nyuzi Hamsini
Hapo. Kabati bila upepo, pwani hii yenye unyevu, hakikauki kitu. Halafu bati la saa saba mchana huwezi kuweka kiganja. Plasta ikipashwa moto zaidi ya nyuzi 50 hivi kwa muda, ngozi yake ya nje inaanza kupoteza maji ya fuwele, yale Kemia aliyoyataja #6. Inarudi kuwa unga. Hiyo pembe inayomomonyoka mmeichoma wenyewe. Weka kivulini, juu ya fito, hewa ipite chini na juu.

#28 Kaole Mpole
Mimi bado niko kwenye chumvi. Chumvi inaharakisha plasta kuganda, kila fundi anajua, wapo wanaotia kijiko makusudi wakiwa na haraka. Hiyo ndiyo ndoo ya kundi la nne. Na chumvi iliyobaki ndani inavuta unyevu wa hewa, ndiyo maana vipande vina ubaridi hadi leo. Manyoya meupe ni chumvi inayotoka nje maji yakipanda juu. Jambo moja linaeleza yote matatu. Nyinyi mnaleta sababu tano.

#29 Fundi Dari
Kaole, maji yale yale walitumia makundi yote. Kwa nini liwe kundi la nne tu? Mimi nasema ndoo ilikuwa chafu. Plasta ya jana iliyoganda pembeni mwa ndoo ni kama hamira, unga mpya ukiigusa unaganda mbio. Karakana kwetu ndoo isiyooshwa unafukuzwa nayo.

Mwalimu, kundi la nne walitumia ndoo ya nani?

#30 MwalimuWaPwani
Ndoo ya rangi, lita 20. Darasa la asubuhi waliitumia kabla yao. Ilioshwa, lakini sikuikagua.

#31 Msafiri Kusi
Au hao kundi la nne walikoroga kama wanasonga ugali. Ukikoroga sana nayo inaharakisha. Kuna watoto wana nguvu, mwalimu.

#32 MwalimuWaPwani
Msafiri, kundi la nne lina vijana wawili wanaocheza kikapu. Siwezi kulipinga.

#33 Nesi wa Zamu
Hayo manyoya yasije yakawa ukungu. Kabatini, giza, unyevu, na maboksi ya maziwa ambayo sijui yalioshwaje. Msiyaonje. Weka tone la maji: yakiyeyuka ni chumvi, yakibaki ni ukungu, na hapo watoto wenye pumu wakae mbali.

#34 Mkonge Halisi
Mimi nashuku mfuko. Umefunguliwa lini? Unga huu unakunywa hewa. Mfuko ukikaa dukani masika nzima karibu na bahari unakuwa umeshaganda nusu humohumo ndani, hata kama unaonekana unga. Ukipata vidonge visivyopondeka kwa vidole, usitumie kwa sanamu. Hapa Tanga tunaufunga kwenye nailoni mbili na kuuweka juu ya chaga, hauguswi na sakafu.

#35 Fundi Dari
Na hili nalo lina ukweli. Makanya kule Same wanachimba jasi, sehemu kubwa inakwenda kwenye saruji. Huu wa kumimina mwingi unakuja kwa meli na malori, hujui umekaa ghala gani.

#36 Mama Ngalawa
Msisahau kitu kimoja cha raha. Kabla ya kuchonga maboksi, wapeleke watoto ufukweni maji yakitoka. Wabonyeze kombe, matawi ya mwani, nyayo za kaa kwenye mchanga wenye unyevu, wazungushie ukingo wa mchanga, wamimine kina cha vidole viwili. Nusu saa wanainua kibao chenye umbo lililochomoza. Mtoto asiyejua kuchora naye anapata kitu kizuri siku ya kwanza. Sisi tulifanya hivyo na kibao changu mama alikiweka ukutani hadi alipofariki.

#37 Kaole Mpole
Mchanga wa bahari! Chumvi tena!

#38 Mama Ngalawa
Mwanangu, kibao changu kilikaa ukutani miaka ishirini na sita.

#39 Kaole Mpole
Nimenyamaza mama.

#40 Msafiri Kusi
Swali la mjinga: hivi plasta ikiganda inanywea? Kundi langu zamani tulimimina kwenye vikombe vya chuma, haikutoka kabisa mpaka tukapasua.

#41 Kemia Kidato
Si swali la mjinga. Wengi wanadhani inanywea, kumbe inatanuka kidogo sana. Ndiyo maana inachukua kila mstari wa umbo, na ndiyo maana iliwabana kwenye chuma. Tumia chombo kinachochanika au kinachopinda, kama chupa ya maji iliyokatwa. Kikiwa kigumu, paka sabuni ya maji au mafuta ya nazi, ngozi nyembamba tu.

#42 Fundi Dari
Na mabaki usimwage kwenye sinki wala mtaroni. Yataganda humo. Acha yagande kwenye ndoo, igonge, zoa, tupa kama taka.

#43 MwalimuWaPwani
Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Tumefanya jaribio, watoto wenyewe walisimamia na kuandika kwenye daftari. Vibao tisa vya ukubwa mmoja. Vitatu maji ya kisima, vitatu maji ya mvua tuliyokinga kwenye bati, vitatu maji ya dukani. Unga kwa kipimo cha Kemia, ndoo mpya, visiwa kama alivyosema. Katika kila maji, kimoja bila kitu, kimoja kina katani, kimoja kilianikwa batini kama zamani. Vingine vyote kivulini juu ya fito za mikoko.

Tone la maji la Nesi: manyoya ya zamani yaliyeyuka kwenye vipande vinne, kwenye viwili yalibaki. Kwa hiyo yote mawili yapo.

Leo vibao: vilivyoanikwa batini vyote vitatu ngozi yake inatoa unga ukipitisha kidole, bila kujali maji. Nyuzi Hamsini, hongera. Vya kisima kivulini vimekuwa vizito kuliko vingine na bado vina ubaridi, Kaole ana haki. Lakini kibao cha kisima chenye katani kilianguka sakafuni bahati mbaya na hakikuvunjika, wakati cha maji ya dukani kisicho na kitu kilipasuka katikati kikiwa kimetulia mezani, hakuna aliyekigusa.

Ndoo iliyowahi kuganda hatujaweza kuirudia. Kundi la nne wamekoroga mara tatu kwa makusudi, kwa nguvu zao zote. Haikuganda kabla ya dakika kumi na moja.

Na Jumamosi iliyopita tulikwenda Kaole kwa miguu, wote 46. Mtoto aliyechonga nguzo alikaa mbele ya kaburi karibu saa nzima. Ameanza upya, ameomba boksi refu zaidi.

#44 Mkonge Halisi
Katani imesimama. Sina la kuongeza.

#45 Kaole Mpole
Cha kisima bado kina ubaridi. Someni tena hapo.

#46 Fundi Dari
Hicho cha maji ya dukani kilichopasuka ndicho kinanisumbua. Unga ulitoka juu ya mfuko au chini? Wa chini huwa umelala na unyevu. Ndiyo hoja ya Mkonge #34.

#47 Mzee wa Chokaa
Mwalimu, saa nzima mbele ya kaburi. Mwambie mtoto huyo akija tena anitafute, nyumba yangu haiko mbali na njia ya Kaole. Nitamwonyesha shimo la chokaa la babu yangu, bado lipo.

#48 Nyuzi Hamsini
Kilichopasuka mezani kilikuwa upande gani wa darasa? Kama ni dirishani, huenda upepo ulikausha upande mmoja tu.

#49 MwalimuWaPwani
Mzee, nitamleta mwenyewe.
Nyuzi Hamsini, dirishani, upande wa bahari. Fundi, unga sikumbuki, nitawauliza watoto Jumatatu. Waliandika kila kitu, huenda na hilo liko daftarini.